Kelele za boti Igombe: rudisheni kava

Mhariri,

Nimetengeneza injini za boti za kupachika kwa miaka 31, Kirumba kisha hapa Igombe, na sikio langu la kushoto limeshakufa nusu. Kwa hiyo boti ikinikera hata mimi, jueni ina kelele kweli.

Sina ugomvi na wavuvi wa dagaa. Usiku wa giza wanatoka, wakifika kwenye dagaa wanazima injini na kuwasha taa, alfajiri wanarudi. Kazi hiyo ndiyo iliyonisomeshea watoto. Ninaowasema ni hawa wanaokatiza ukingoni kabisa saa saba usiku, injini ikiwa uchi, haina kava, yaani kile kifuniko chake cha juu.

Kava inavuliwa kwa uvivu tu. Plagi zikilowa, mtu anachoka kufungua na kufunga, anaiacha nyumbani. Akiulizwa anasema injini inapumua vizuri. Inapumua nini? Wimbi likipiga, maji yanaingia kwenye koili ya umeme wa plagi, na flaiwili, lile gurudumu la juu ya injini, inazunguka wazi karibu na kitenge cha abiria. Wengine wamefunga injini juu mno kwenye ubao wa nyuma, eksozi inatemea hewani badala ya majini. Hapo hata kava haisaidii, injini ishushwe.

Mjukuu wangu aliniwekea kwenye simu programu ya kupima sauti. Si kipimo cha kupeleka mahakamani, najua. Lakini tulipima injini moja ya nguvu za farasi 15, tukiwa palepale: bila kava ilizidi kwa desibeli 8. Msiione ndogo. Desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Zikiongezeka 10, nguvu ya sauti imekuwa mara 10. Na ziwani hakuna nyumba wala mti wa kuizuia.

Kanuni za kudhibiti kelele zipo tangu 2015, na NEMC, wale wa baraza la mazingira, tunawasikia wakizitumia kwenye baa na nyumba za ibada. Walete kipimo chao mwaloni, usiku, BMU, kikundi chetu cha kusimamia mwalo, wakiwepo. TASAC, wakala wa meli, nao wakikagua maboya ya kuokolea watu, waangalie na kava. Asiye nayo asianze kwa faini, apewe mwezi mmoja. Kava kuukuu zinapatikana, na iliyopasuka inazibwa kwa faiba, zile nyuzi za kioo na gundi yake. Za boti za Igombe nitaziba bure, wenye faiba yao waje nayo. Banda langu wanalijua, nyuma ya vichanja vya dagaa.

Fundi mstaafu,
Igombe, Mwanza