Pesa za paa

Boise, Idaho
12 Aprili 2025

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi kutoka huku. Natumai u mzima, shemeji na watoto pia, na masika hayajawasumbua sana hapo Tanga. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Nimeamua kukuandikia, maana kwenye simu huwa tunakatizana.

Umeuliza kama uchukue zile milioni sita za kuezeka ununue hisa za watengeneza chipu, vile vipande vidogo vinavyoendesha simu na kompyuta, kwa kuwa sasa ziko bei ya chini. Mimi nasema usizichukue. Ila kuhusu chipu zenyewe hujakosea, ndiyo maana jibu langu ni refu.

Ni kweli zimeshuka. Hisa ya Nvidia, kampuni ya chipu ya huku Marekani, mwezi Januari ilipita dola 150, na Jumatatu hii ilifika chini ya 90. Trump alitangaza ushuru wa bidhaa zinazoingia Marekani tarehe 2, watu wakaingiwa na hofu wakauza. Jumatano akasitisha sehemu kubwa ya ushuru huo kwa siku 90, na hisa ileile ikapanda karibu asilimia 19 kwa siku moja. Hamisi, kati ya Jumatatu na Jumatano hakuna kiwanda kilichobadilika. Kilichobadilika ni moyo wa watu, na huo hakuna awezaye kuupangia tarehe.

Hapa ninapoishi ndipo yalipo makao makuu ya Micron, wanaotengeneza chipu za kumbukumbu, aina ile inayohifadhi picha ndani ya simu yako. Biashara yao nimeifuatilia kwa miaka. Mwaka 2021 dunia nzima ililia uhaba wa chipu, na kila mnunuzi akaagiza zaidi ya mahitaji yake ili asikose. Baadaye watu wakatosheka na kompyuta walizonunua wakati wa korona, maghala yakajaa, bei ikaanguka. Kiwanda cha chipu kinagharimu mabilioni ya dola na kinajengwa kwa miaka. Si jenereta, ukishakiwasha huwezi kukizimazima. Kitaendelea kutoa mali hata kama soko limelala. Kwa hiyo mwaka wa hesabu wa 2022 Micron walipata faida ya dola bilioni 8.7, na mwaka uliofuata wakapata hasara ya bilioni 5.8. Ni kampuni ileile, chipu zilezile.

Mimi nilinunua hisa zao Januari 2022, kwa dola 90 na kitu. Zikashuka hadi 70, zikafika 60. Sikutetereka, kwa sababu nilijua maghala yakipungua bei itarudi. Desemba mama akalazwa, madaktari wakasema ni upasuaji na usichelewe. Kwingine sikuwa na kitu. Nikauza zote kwa dola 50 na ushei, nikatuma pesa usiku uleule. Juni 2024 hisa hiyo ilipita dola 150.

Mama alipona, alhamdulillahi, na sijutii hata senti niliyotuma. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba nilichowaza kuhusu Micron kilikuwa kweli, na hasara nikapata vilevile. Soko lilihitaji mwaka na nusu, na mimi sikuwa na mwaka na nusu. Ile pesa ilikuwa ya dharura za nyumbani tangu siku ya kwanza nilipoiweka.

Tena usichukulie kwamba kila kilichoshuka kitapanda. Wewe ni mtu wa Tanga, babu yako alikata mkonge. Wakati ule nchi yetu iliongoza dunia kwa mkonge, bei ikawa inashuka na kupanda, watu wakazoea. Halafu zikaja kamba za plastiki, na waliongoja bei irudi walingoja sana. Huku kwenye chipu tazama Intel: mwaka 2000 hisa yake ilifika dola 75, na miaka ishirini baadaye ilikuwa bado haijarudi hapo. Agosti iliyopita walitangaza kusimamisha gawio, ile faida wanayogawiwa wenye hisa, kesho yake ikaporomoka asilimia 26. Walionunua 2000 walinunua kampuni iliyosifiwa na kila mtu, kama Nvidia inavyosifiwa leo.

Basi ezeka kwanza. Nyumba imeshafika lenta, ukichelewa mvua zitaila. Baada ya hapo, kama bado unazitaka chipu, tenga kila mwezi kiasi ambacho hata kikilala miaka mitano hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Na usinunue kampuni moja. Kuna mifuko inayokusanya kampuni nyingi za chipu kwa pamoja: wanaozibuni, wanaozitengeneza kama TSMC ya Taiwan, na wanaounda mashine za kuzitengenezea kama ASML ya Uholanzi. Mmoja akianguka huangushwi naye.

Yule kijana aliyesema umpe pesa akununulie kwa jina lake, usimpe. Hata kama ni mwaminifu. Hisa iandikwe jina lako, kupitia wakala mwenye leseni, au isiwepo.

Najua utaona nakuzuia wakati wenzako wanakimbilia. Nimeyaandika haya kwa kuwa nakumbuka ule usiku wa Desemba.

Nisalimie shemeji. Kenchi zikipandishwa nitumie picha. Misumari na kofia za bati niachie mimi.

Wako,
Juma