Kamera yenu iliishia kwa mtoto mwenye waya

Bwana Mhariri,

Ile picha mliyoichapa ya mtoto anayemburuta mbwa kwa waya nimeikata na kuibandika ndani ya daftari langu. Mtoto amevaa ndala za rangi mbili, moja buluu, nyingine nyekundu. Mbwa amekaza miguu yote minne juu ya mawe ya lava na ulimi umemtoka. Chini yake mkaandika kwamba ukatili umezidi hapa Goma. Kwenye avenyu yetu watu walimlaani yule mtoto, na wengine wakataja hadi kabila lake, ingawa hakuna hata mmoja aliyewahi kuongea naye.

Mimi nimeongea naye. Ni maibobo, yaani mtoto wa mtaani, hana mzazi mjini, na nilipokuwa kazini niliwahi kumfunga kidonda cha mguu. Nilimtafuta, nikampa chai na mkate, nikamuuliza yule mbwa alikuwa anampeleka wapi. Akanijibu akitazama kikombe: “Koko, mi ninabebaka tu. Banalipaka elfu mbili ku imbwa moja.” Nikamuuliza ni nani wanaolipa. Akanyamaza, akamaliza mkate, akaomba aende.

Bwana Mhariri, habari ilianzia hapo, na hapo ndipo ninyi mlipoishia. Faranga elfu mbili zinatoka mfukoni mwa mtu. Mtu huyo ana mahali pa kuwapokea mbwa, na ana wateja. Mtoto mwenye waya ndiye rahisi kupigwa picha kwa sababu yuko barabarani na hana wa kumtetea.

Nimekuwa mwuguzi kwa miaka 31 na sasa nimestaafu. Naandika kwa sababu ya mbwa wangu, Kahawa. Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na sisi kukimbilia Sake, alikuwa mtoto wa mbwa asiye na mwenyewe. Tulipoanza safari ya kurudi, alitufuata kwa miguu. Mjukuu wangu akamtia ndani ya beseni juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, na hivyo ndivyo alivyoingia Goma.

Mwezi uliopita, saa kumi na moja na nusu alfajiri, nilimkuta amelala ubavu karibu na pipa la maji. Mate yalikuwa yanamtiririka kama povu la sabuni. Misuli ya mapaja ilikuwa inarukaruka chini ya ngozi bila kupumzika. Nilimfunua jicho kwa kidole: mboni imekuwa ndogo kama tundu la sindano. Nilijua papo hapo. Wakulima waliletwa kwetu wakiwa katika hali ileile baada ya kunyunyizia mashamba bila kujikinga. Zipo dawa za wadudu ambazo haziachi mishipa ya fahamu itulie. Kila msuli unaendelea kuamriwa ukaze, mapafu yanajaa majimaji, mpaka pumzi inashindwa. Dawa yake ni atropini, na nyumbani sina atropini. Nilimshika kichwa mpaka akatulia.

Kando ya ukuta kulikuwa na kipande cha utumbo wa ng'ombe, kimechanwa na kujazwa chembechembe nyeusi kama pilipili manga iliyopondwa. Nilikiokota kwa mfuko wa plastiki, nikafunga mara tatu. Kuku wa jirani alikuwa amekwisha kudonoa kipande kingine, na kabla ya saa mbili naye alikufa. Nina mjukuu mwingine wa miaka mitatu ambaye kila anachookota hukipeleka mdomoni. Tangu siku hiyo sijamruhusu acheze uani peke yake.

Nikaanza kuandika tarehe. Nyumba ya kona, mbwa wawili walikufa tarehe 9, na usiku wa kuamkia tarehe 12 wezi wakavunja mlango. Nyumba ya fundi cherehani, mbwa mmoja, na siku mbili baadaye mashine zake zikaibwa. Kwangu walikuja usiku wa tatu, wakakuta vijana wangu wanakesha. Nilimwendea mkubwa wa nyumba kumi nikiwa na daftari. Akasema, “Mama, mbwa ni mbwa.” Sokoni sumu hiyo wanaiita dawa ya panya, inapimwa kwa kifuniko cha chupa na kufungwa kwenye karatasi isiyo na maandishi yoyote. Nilimwuliza muuzaji inatoka wapi. Akanitazama, akageukia mteja mwingine. Mimi nikifika hapo nimefika mwisho. Mwandishi wa habari ana ruhusa ya kuuliza swali la pili na la tatu, na ana gazeti nyuma yake.

Sitaki kuwasahau paka. Yule mama anayeuza unga wa mahindi alipoteza paka watatu waliokula panya wenye sumu, na sasa panya wanamtoboa magunia. Paka mweusi wa jirani yake alimwagiwa maji ya moto kwa maneno ya uchawi. Nilimpaka dawa mgongoni kwa wiki mbili, na ngozi ilikuwa inatoka pamoja na manyoya.

Kazi ninayowaomba ilishafanywa na wengine. Mwaka 1965, huko Pennsylvania, Marekani, mbwa mmoja wa madoadoa aitwaye Pepper alitoweka nyumbani kwake. Alipita mikononi mwa wafanyabiashara wa mbwa, akaishia hospitalini New York, akafa kwenye upasuaji wa majaribio. Waandishi wa habari wakaifuata njia yake hatua kwa hatua. Februari 1966 jarida la Life likachapa picha za Stan Wayman zilizopigwa kwa mfanyabiashara mmoja wa mbwa huko Maryland, na mbwa waliomo walikuwa mifupa mitupu. Barua za wasomaji zikafurika bungeni. Tarehe 24 Agosti mwaka huohuo Rais Lyndon Johnson akatia sahihi sheria iliyowalazimisha wafanyabiashara hao kuwa na leseni. Picha zile zilichapwa pamoja na maelezo ya nani anauza na nani ananunua, ndiyo maana zilizaa sheria.

Nikiwa mwuguzi sina budi kusema na hili: chanjo ya kichaa cha mbwa ilipatikana kwa kutumia wanyama. Louis Pasteur alipomchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9, mwezi Julai 1885, dawa aliitoa kwenye uti wa mgongo wa sungura. Mimi mwenyewe nimewadunga watoto wengi chanjo iliyotokana na kazi hiyo, nao wakaishi. Lakini kuiba mbwa wa watu ni wizi, hata kama hospitali ndiyo inayomnunua.

Na wanaosema sumu inatusaidia kupunguza kichaa wamekosea. Ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na karibu wote waliupata kwa mbwa. Kinachouzuia ni uchanjaji: mbwa 70 kwa kila 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Kahawa alikuwa na kadi yenye muhuri. Aliyemuua alimwondoa mtaani mbwa mwenye kinga, na nafasi yake imekwisha kuchukuliwa na mbwa wawili wageni ambao hakuna anayejua kama wamechanjwa. Mtoto aking'atwa na mbwa, mwosheni kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mkimbizeni kwenye kituo cha afya siku hiyohiyo. Naomba mstari huu msiukate.

Basi tumeni mwandishi. Aanzie kwa muuzaji wa sumu, apande juu mpaka kwa anayemletea. Aulize mbwa wa elfu mbili wanashukia mlango gani, na aje kuyalinganisha majina ya nyumba zilizoibiwa na tarehe zangu. Kila anayetajwa apewe nafasi ya kujibu. Yule mtoto msimwonyeshe uso tena. Wenzake wameanza kumwita Mwuaji, na juzi alipigwa jiwe mbele ya msikiti.

Daftari liko tayari, na ule utumbo niliufukia ndani ya chupa ya kioo chini ya mti wa parachichi, mbali na kuku. Alama nimeweka.

Mwuguzi mstaafu,
Komini ya Karisimbi, Goma