Njia za bonde la Zigi: kilomita peke yake hazitoshi

Ndugu Mhariri,

Masika yakishakatika, matangazo ya matembezi, mbio na misafara ya baiskeli kwenye milima ya Usambara Mashariki huanza kuzagaa katika simu za watu wa Tanga na Muheza. Mengi yana namba moja tu, nayo ni kilomita. Mtu aliyezoea kukimbia Raskazone, kwenye lami na upepo wa bahari, akisoma kwamba Sigi hadi Amani hazifiki kilomita 10, anapanga saa moja na ushee, anabeba chupa moja ya maji na kuanza saa 4 asubuhi. Naomba nafasi nieleze kwa nini namba hiyo inampotosha, na nini kiandikwe pamoja nayo.

Sigi, kwenye bonde la mto Zigi, lilipo lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, ipo takriban mita 450 juu ya usawa wa bahari. Amani ni takriban mita 900. Reli nyembamba ya Wajerumani iliyotoka Tengeni iliishia hapo Sigi, na kutoka hapo ni mlima. Wastani wake ni kama mita 5 za kupanda katika kila mita 100, lakini miguu haipandi wastani. Inapanda kona moja moja, na zipo kona kali kuliko hapo.

Iko kanuni aliyoiandika Mskoti William Naismith mwaka 1892, na wapanda milima wanaitumia mpaka leo: saa moja kwa kila kilomita 5, kisha saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa Sigi hadi Amani inakuja saa mbili na nusu za kutembea bila kupumzika. Na hiyo ni kwa hewa ya Uskoti. Ndani ya msitu wa Amani, unaopata mvua ya karibu milimita 1,900 kwa mwaka, hewa ina unyevu mwingi, jasho halikauki, kwa hiyo mwili haupoi. Ongeza robo ya muda huo, au theluthi kama kundi lina watoto. Maji yawe nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa kila saa kwa kila mtu, na kwa anayekimbia pakiti ya chumvi ya kuongezea maji mwilini ni lazima.

Jambo linalosahaulika zaidi ni jumla ya kupanda. Njia inayofuata ukingo wa mto yaweza kuanza na kuishia kwenye kimo kilekile, huku katikati ikishuka kwenye kila kijito na kupanda tena. Vijito 10 vya mita 20 kila kimoja ni mita 200 za kupanda ambazo hazionekani kwa kutoa kimo cha mwanzo kwenye kimo cha mwisho. Simu nayo haiaminiki sana hapa. Chini ya miti mirefu na kati ya kuta za korongo, mawimbi ya setilaiti hugonga na kurudi, alama ya ulipo inarukaruka, na simu inahesabu ile mirukoruko kuwa ni mwendo. Ndiyo maana watu wawili waliopita njia moja hutofautiana kilomita nzima.

Njia ya kupima ipo, na fundi baiskeli yeyote anaiweza. Jaza upepo wa kawaida, mtu akae juu ya baiskeli, weka alama ya chaki kwenye tairi la mbele na chini kwenye sakafu, sukuma mpaka alama irudi chini, kisha pima kwa futi kamba. Tairi la inchi 26 hutoa kama mita 2 na sentimita 7. La inchi 28 kama mita 2 na sentimita 20. Pima baiskeli ikiwa imekaliwa, maana tairi likibebeshwa uzito mzunguko wake hupungua. Ingiza hesabu hiyo kwenye mita ya baiskeli, pita njia mara mbili, kwenda na kurudi. Kwa kimo tumia kontua, yaani mistari ya kimo, za ramani ya serikali ya kipimo cha 1:50,000.

Kwa waendesha baiskeli, tangazo liseme pia ni baiskeli gani. Ya gia moja yenye meno 48 mbele na 20 nyuma husogea zaidi ya mita 5 kwa kila mzunguko wa pedali. Kwenye mlima huo mpandaji atashuka na kuisukuma. Ya mlimani yenye meno 24 mbele na 32 nyuma husogea kama mita 1.6, na hiyo mtu anapanda nayo akiwa amekaa. Ila hatari kubwa ni kurudi chini. Breki za raba juu ya rimu ya chuma iliyolowa karibu hazishiki. Mchanga ukiingia kwenye raba unasaga rimu na raba kwa pamoja. Kabla ya kuanza kushuka, tazama raba: mifereji yake ikiwa imefutika, badilisha, usisubiri kurudi mjini. Bana breki kwa vipindi, mbele na nyuma, usiishikilie moja muda wote, maana rimu ikipata moto sana tyubu inaweza kupasuka. Tairi liwe na upana wa inchi 2 na upepo wa kadiri ya PSI (kipimo cha msukumo wa upepo) 30 hadi 35. Ukilijaza likawa gumu kama la barabarani, litateleza juu ya kila jiwe na mzizi. Udongo mwekundu ukilowa huganda kwenye madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Wanaojua huyafungua kabisa siku ya mvua.

Sasa vivuko, ambavyo sijaona tangazo linavitaja. Mvua ikinyesha juu Amani, maji huchukua muda kufika chini. Ndiyo sababu mtu anaweza kuwa Amboni, ambako Mkulumuzi na Zigi zinapita jirani na mapango, jua linawaka, anga jeupe, na mto ukapanda. Dalili huja kabla: maji yaliyokuwa maangavu yanageuka rangi ya chai ya maziwa, majani na vijiti vinaanza kuelea, sauti inabadilika. Ukiona hata moja, toka kwenye mawe uende juu, usingoje ya pili. Maji yanayokwenda kasi yakifika magotini, kivuko hicho kimefungwa kwa siku hiyo. Yakiwa chini ya hapo, vuka na viatu miguuni, fungua mkanda wa begi kiunoni ili ukianguka uweze kulivua, uso ukiwa umeuelekeza kule maji yanakotoka, na egemea fimbo. Mawe ya chokaa ya Amboni yakilowa yanateleza, na kingo zake zinakata. Huko mto Pangani ushauri ni mfupi: una mamba, usivuke kwa miguu.

Mto Zigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani, linakotoka maji ya bomba ya Jiji la Tanga. Kuoshea baiskeli mtoni, grisi ya cheni na sabuni vyote vikaondoka na maji, ni kuchafua maji ya kunywa ya watu wetu. Chota kwa ndoo, oshea mbali na ukingo, kwenye udongo utakaoyanywa maji hayo.

Kuhusu mavazi: suruali ndefu iliyoingizwa ndani ya soksi, kwa ajili ya siafu na kupe. Pembeni mwa njia zilizoachwa kuna upupu. Maganda yake yana vinyweleo vya rangi ya kahawia vinavyowasha vibaya, na ukifikicha unavisambaza.

Ombi langu kwa uongozi wa hifadhi, halmashauri na waandaaji ni kibao kimoja mwanzoni mwa kila njia: urefu, jumla ya kupanda, saa za mtembeaji wa kawaida, idadi ya vivuko na kina chake cha kiangazi, baiskeli inayofaa, na saa ya mwisho ya kuanza. Hiyo ya mwisho ni muhimu kuliko inavyoonekana. Mwezi Juni jua la Tanga linazama saa 12 na robo jioni hivi, lakini chini ya miti kiza hutangulia kwa nusu saa, na simu nyingi huko bondeni hazishiki mtandao. Njia ya saa tatu isianzwe baada ya saa 7 mchana.

Vivuko vikaguliwe upya kila baada ya masika na vuli, kwa sababu mto ukifurika huhamisha mawe, na pale palipokuwa na kina cha kifundo cha mguu mwaka jana huenda leo pana shimo.

Mwongoza wageni,
Muheza, Tanga