Mwanangu, usinimalizie neno

Mwanangu, ile shikamoo yako ya juzi kwenye simu niliisikia vizuri tu, ila nikachelewa kuitikia, we ukadhani ni mtandao ukakata. Haukuwa mtandao. Marahaba ilikuwepo hapa mdomoni, haitoki. Ndo maana nakuandikia, mdogo wako anaandika mimi nasema, leo siku ya sita tunaandika, na nimemkataza asiweke neno lake hata moja, langu likichelewa anasubiri.

Si unakumbuka kabla ya oparesheni nilivyokuwa nachanganya? Pale Kibirizi, mwaloni Kigoma ninakouzia dagaa, namwambia mteja lete sufuria kumbe nataka ndoo, nataka kusema samaki mgebuka natoa mawese, watu wanacheka, wengine wanasema uzee, wengine eti nimerogwa, mpaka siku nilipoanguka kifafa mwaloni ndo tukaja kuambiwa ni uvimbe kwenye ubongo, upande wa kushoto. Daktari akasema kwa watu wengi maneno yanakaa huko huko kushoto, mbele ndo panapoyatoa, nyuma karibu na sikio ndo panapoyaelewa, na wangu ulikandamiza mbele.

Baada ya kupasuliwa nikabaki na neno moja, "sasa". Maji sasa, mto sasa, hata jina lako sasa. Ulilia wodini, nilikuona. Kitu ambacho sikuweza kukuambia siku ile ni kwamba nilikuwa naelewa. Mliposimama na shangazi yako pembeni ya kitanda mkasema mama ndo basi tena, nilisikia. Sina kinyongo mwanangu, ila nilisikia.

Daktari akaja kunisimulia kuna mgonjwa Ufaransa zamani alikuwa anasema "tan" tu, kila ukimuuliza tan tan, alipofariki mwaka 1861 daktari wake Paul Broca akaangalia ubongo akakuta umeharibika hapo hapo kushoto mbele. Yule maneno hayakurudi. Mimi akasema tusubiri, ubongo ukishapasuliwa unavimba kwanza, ukitulia maneno mengine yanarudi, wiki, miezi.

Na cha ajabu Alhamdu nilikuwa naisoma mpaka mwisho bila kukwama, alafu maji ya kunywa siwezi kuomba! Kuhesabu visado vya kupimia dagaa naweza ila ukiniuliza hivi ni vingapi, vinne, lazima nianzie moja, mbili, tatu ndo nifike. Na Kiha, lugha yetu ya nyumbani, kilitangulia kurudi. Bibi yako aliingia asubuhi akaniambia mwakeye, ile salamu ya asubuhi, nikaitikia hapo hapo, akakaa chini akalia. Kiswahili chote hiki nilichouzia dagaa miaka yote kikawa kinakuja nyuma pole pole, daktari anasema mwenye lugha mbili inatokea moja ikatangulia.

Sasa ninachokuomba. Nikikwama usinimalizie. Najua unafanya kwa huruma, unaona mama anahangaika unamsaidia, lakini ukinipa neno lako langu linarudi lilikotoka na kesho nalitafuta upya, ila nikilitoa mwenyewe hata kama dakika nzima, kesho linakuja haraka kidogo. "Marahaba" nimeisema jana mara tatu. Na usiniongeleshe kwa sauti ya juu, masikio yangu mazima.

Ijumaa jioni nipigie nikuambie dagaa wamefika bei gani. Ukisikia kimya usikate, nipo.