Barua ya wazi kwa Afisa wa Kilimo wa wadi yetu: dawa ipulizwe jioni

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Ruai, Nairobi. Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu barua mbili nilizokuletea kwa mkono hazijajibiwa.

Jumanne saa mbili asubuhi, vijana wenye pampu za mgongoni walipuliza dawa ya wadudu kwenye nyanya za jirani. Kufikia saa sita nyuki wangu walikuwa wametapakaa chini ya mizinga, wengine wakijizungusha mchangani wasiweze kuruka. Nilikuwa na mizinga minne. Mitatu imenyamaza. Cheti cha maabara sina, lakini harufu ya ile dawa ilinifikia hadi jikoni.

Na wiki hiyohiyo ulituambia barazani tusihofu nyuki wakipungua, kwani roboti ndogo zinakuja kuchavusha mimea. Mheshimiwa, habari hizo nimezisoma. Ile ya Chuo Kikuu cha Harvard, isiyofika hata sehemu ya kumi ya gramu, iliruka kwa kuongozwa mwaka 2013 ikiwa imefungwa waya wa umeme. Mwaka 2019 toleo lake jingine liliruka bila waya, chini ya taa kali kuliko jua, na muda wa kuruka haukutimia sekunde moja. Walioiunda nawapa heko. Lakini ua jike la boga hufunguka alfajiri, na adhuhuri haliikuti likiwa wazi. Lisipopata mbelewele asubuhi hiyo, kiboga hugeuka manjano kikaanguka. Sasa mimi na mke wangu tunaingia shambani kukipambazuka, tunachuma ua dume, tunapaka jike moja baada ya jingine. Nusu eka nzima! Karo ya watoto iko kwenye maboga hayo.

Uliahidi mwenyewe, ukaandika daftarini tukikuona, kwamba anayepuliza atawajulisha wafuga nyuki siku moja kabla, na atapuliza jioni nyuki wakisharudi mzingani. Sikujulishwa. Wala haikuwa jioni.

Fidia siidai leo. Nyuki waliokufa nimewahifadhi kwenye mkebe. Tuma mtu awapeleke kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Kasarani, ambako maabara ya afya ya nyuki imekuwapo tangu 2014. Kasarani si mbali.

Mzinga mmoja bado unavuma. Jirani hupuliza kila baada ya wiki mbili. Mheshimiwa, naomba iwe jioni.

Mkulima wa maboga, Ruai