Himaya haifi kwa uzee

Ndugu Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu miaka kumi na minane bila kuwaandikia hata mara moja. Makala yenu ya Jumapili kuhusu mataifa makubwa imenishinda. Eti kila himaya huishi miaka 250, kisha huzeeka na kufa kama binadamu! Milki ya Osmani ilidumu zaidi ya miaka 600, hadi usultani ulipofutwa 1922. Muungano wa Kisovieti ulizaliwa mwaka huohuo wa 1922 na haukufikisha hata 70.

Kinachoniuma zaidi ni hilo neno "uzee". Mtu halaumiwi kwa kuzeeka, kwa hiyo ukisema himaya ilizeeka umewasamehe wote walioiua. Hispania ya Mfalme Philip II haikuzeeka, ilikopa. Meli zilileta fedha kutoka Potosí, Amerika Kusini, ambako wenyeji walilazimishwa kwa zamu kuingia migodini, na sehemu kubwa ya fedha hiyo ilikuwa na mwenyewe, yaani mkopeshaji, kabla meli haijatia nanga. Mwaka 1557, 1560, 1575 na 1596, mfalme yuleyule alitangaza hawezi kulipa madeni, na vita havikukoma. Mwaka mmoja tu baada ya tangazo la 1575, askari wake waliokosa mishahara waliupora mji wa Antwerp, mji wa mfalme wao wenyewe! Uzee gani huo? Hata Uingereza ya 1956 haikuondoka kwenye Mfereji wa Suez, kule Misri, kwa sababu ya umri. Marekani ilikataa kuiokoa pauni, na majeshi yakafungasha.

Makala kama hizo zina madhara. Muhula uliopita mjukuu wangu aliniletea karatasi ya mtihani. Swali: Dola la Roma lilianguka lini? Aliandika: "Magharibi 476, Mashariki 1453." Kalamu nyekundu ilikuwa imepita juu ya 1453 kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka. Nilikwenda shuleni kwake nikaeleza kwamba watu wa Konstantinopoli, mji mkuu wa Roma ya Mashariki, walijiita Warumi mpaka siku mji ulipotekwa. Nikajibiwa kwamba mwongozo wa kusahihisha una mwaka mmoja. Na hilo nalo ni janga lake: mtihani ule ulimwachia mtoto mstari mmoja wa nukta, tarakimu nne zilitosha, hakukuwa na nafasi ya kuandika "kwa sababu". Nilifundisha somo hili miaka mingi, na "kwa sababu" ndiyo niliyokuwa naipa alama.

Naomba jambo moja. Kila mtakapochapa kwamba himaya fulani "ilianguka", mwandishi aongeze sentensi mbili: nani alikuwa anaidai, na ni askari gani walikuwa hawajalipwa. Akishindwa kuzijaza, mrudishieni makala yake.

Mwalimu mstaafu wa historia