Ana kisukari, mpeni soda

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, mama. Ujumbe wako nimeupata. Najua habari ilikufikia huko Dodoma ikiwa imeshaungwa viungo: baba kaanguka kwenye sendofu ya binamu yako, huyu anasema presha, yule anasema nililewa. Sikunywa hata tone. Wala sikuanguka, niliteleza kutoka kwenye kiti tu. Shangazi yako unamjua.

Kadi ilisema saa 12 jioni, na shughuli zetu za hapa Mwanza unazijua. Nilifika mapema pale ukumbini Nyegezi, nimeshameza kidonge changu cha kisukari cha jioni, maana ratiba ilionyesha chakula saa 2. Saa 2 ikafika, binti hajaingia. Saa 3 kamati wanajitambulisha, kisha wajomba wa Ukerewe nao wanajitambulisha, mmoja mmoja, na kila mmoja ana salamu. Pilau tunaisikia harufu tu. Jasho likaanza kunitoka, nikadhani ni koti. Mikono ikatetemeka hadi nikashindwa kufungua chupa ya maji. Mjomba akaniuliza jambo, nikamjibu kitu ambacho mpaka leo hataki kukirudia.

Kidonge chenyewe, glibenklamaidi, hakiulizi kama umekula. Kinaliamuru kongosho litoe insulini, ile homoni inayoshusha sukari, basi. Chakula kisipokuja, sukari ya kwenye damu inazidi kushuka, na ubongo hauna subira: mtu anapepesuka, anakuwa mkali, maneno hayaeleweki. Ndiyo maana wanasema kalewa. Metformini, kidonge kingine cha kisukari, ikitumika peke yake kwa kawaida haileti hayo. Wa kuangaliwa ni sisi wa glibenklamaidi na wale wanaochoma insulini.

Sasa sikia kilichoniudhi. Kijana wa vinywaji alikuja mbio na soda, watu wazima na akili zao wakamzuia: "Huyo ana kisukari, unataka kumuua?" Mmoja akanipepea kwa kadi ya mwaliko, mwingine akaanza kukemea mapepo. Nia yao njema, sina kinyongo, lakini nilikuwa naondoka hivihivi. Aliyeniokoa ni nesi mmoja, rafiki wa bibi harusi. Alipenya, akainyakua ile soda, akanishikia chupa mwenyewe. Robo saa baadaye nikajua niko wapi. Kipimo kilipopatikana kilisoma sukari 3.1 mmol/L, na hapo nimeshakunywa! Chini ya 4 haisubiri.

Kwa hiyo wewe usiwe kama wale. Mwenye kisukari akitetemeka na kulowa jasho, na kipimo hakipo, mpe sukari: vijiko vidogo vitatu au vinne kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Baada ya dakika 15 kama bado, rudia. Akitulia, ale chakula cha kushiba. Kama hajitambui, usimmiminie chochote mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu, awahishwe hospitali akawekewe glukosi kwenye mshipa. Na mtu wa vidonge kama vyangu apelekwe hata akiapa kuwa amepona, sababu sukari inaweza kushuka tena saa kadhaa baadaye. Mimi nilibisha, nikapelekwa kwa nguvu, nikalala huko hadi asubuhi. Ndafu nimesimuliwa tu.

Disemba ni zamu ya kaka yako, na katibu wa kamati ni wewe. Andika kwenye ratiba kwamba wazee na wagonjwa wanakula saa 2, hata kama maharusi bado wako njiani wanapiga picha ziwani. MC atalalamika kuwa unamharibia shughuli. Mwambie mzee anayemlipa ndiye aliyesema.

Mama yako anakusalimu. Dagaa wako tutampa kondakta wa basi la kesho alfajiri, kawapokee stendi, na mfuko wa pili ni wa mwenye nyumba wako.

Baba yako